Mia kwa Mia ya Malemba-Nkulu

Tarehe 9 Desemba 2011, siku kumi na moja baada ya Wakongomani kupiga kura, mwenyekiti wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, CENI, mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, alitangaza mjini Kinshasa kwamba Joseph Kabila, aliyekuwa rais, amepata asilimia 48.95 ya kura na Étienne Tshisekedi asilimia 32.33. Hizo ndizo namba zilizosomwa redioni na kubishaniwa barabarani. Chini yake kulikuwa na namba nyingine ambayo watu wengi hawakuisikia siku ile. Ilitoka katika distrikti ya Haut-Lomami, wakati huo bado sehemu ya Katanga, makao yake makuu yakiwa Kamina. Katika teritwari ya Malemba-Nkulu, iliandikwa kwamba asilimia 99.46 ya walioandikishwa walifika kupiga kura, na kwamba Kabila alipata asilimia mia moja. Makala haya yanashikilia jambo moja. Ni haki kura ya rais wa Kongo ihesabiwe kama fungu moja la taifa zima, lakini fungu hilo haliwezi kuaminika mpaka matokeo ya kila kituo yawekwe wazi, na watu wa Kamina, Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu ndio wanaopata hasara ya kwanza pale matokeo ya vituo vyao yanapofichwa au kutiwa chumvi.

Tuanze na kanuni yenyewe. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema rais huchaguliwa moja kwa moja na raia wote kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja tu, na sheria ya uchaguzi inaifanya nchi nzima kuwa eneo moja la uchaguzi. Kura iliyopigwa katika shule ya Kamina ina uzito uleule na kura ya Matadi au ya Bunia. Hakuna jimbo linalompa mtu urais wala linalomnyima. Mataifa mengine yamechagua njia nyingine. Nchini Marekani mwaka 2016 Hillary Clinton alipata karibu kura milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump, lakini Trump ndiye aliyekuwa rais kwa sababu huko majimbo hutoa kura za wajumbe, naye alipata 304 dhidi ya 227. Kenya imeshika njia ya katikati: mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Wakongomani hawakuweka sharti la namna hiyo. Wapo wanaosema ni kosa, na hoja yao nitaijibu, lakini kwanza inafaa kukumbuka tumepitia nini kabla ya kufika kwenye kura moja ya mtu mmoja.

Rais wa kwanza wa Kongo hakuchaguliwa na wananchi. Katika uchaguzi wa Mei 1960 wanaume peke yao ndio walioruhusiwa kupiga kura, nao walichagua wabunge na wajumbe wa mabaraza ya majimbo. Tarehe 24 Juni 1960 wabunge na maseneta ndio waliomchagua Joseph Kasa-Vubu kwa kura 159 dhidi ya 43 za Jean Bolikango. Katika Katanga mambo yalikuwa makali zaidi. Chama cha CONAKAT cha Moïse Tshombe kilipata viti 25 kati ya 60 vya baraza la jimbo, na nyuma yake, kwa tofauti ndogo, ukafuata muungano ulioongozwa na BALUBAKAT ya Jason Sendwe, chama ambacho mizizi yake ilikuwa kwa Waluba wa kaskazini, watu wa Kamina wakiwamo. Hakuna upande uliokuwa na wingi wa kutosha. BALUBAKAT ikasusia vikao, ikijua kwamba sheria ilidai theluthi mbili ya wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo iundwe. Katikati ya mwezi wa Juni, Bunge la Ubelgiji likaibadili sheria ile, CONAKAT ikaunda serikali peke yake, na tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Kaskazini ikainuka dhidi yake, na vijiji vingi vikachomwa katika vita vilivyofuata. Ugomvi ule ulikuwa na sababu nyingi, za madini na za ukabila na za wakoloni wasiotaka kuondoka. Hata hivyo, moja ya sababu zake ni hii: kanuni ya kuhesabu ilibadilishwa baada ya kura kupigwa, na mbali na macho ya waliopiga kura.

Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 nayo ilimweka rais mikononi mwa wawakilishi, ikisema atachaguliwa na wabunge pamoja na wajumbe wa mabaraza ya majimbo. Ulikuwa mfumo uliokaribiana kiasi na ule wa Marekani. Haukupata nafasi ya kujaribiwa, kwa maana tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alitwaa madaraka. Alipowaita wananchi wamchague yeye mwaka 1970, alikuwa mgombea peke yake. Mpiga kura alipewa rangi mbili, kijani ya kumkubali na nyekundu ya kumkataa, mbele ya macho ya watu. Katika nchi yenye mamilioni ya wapiga kura, kura za kumkataa zilizotangazwa zilikuwa 157. Mwaka 1984 alitangaziwa asilimia 99.16. Kizazi kizima kilikua kikijua kwamba namba inayokaribia mia moja ndiyo heshima anayopewa mkubwa, na kwamba chifu au kiongozi wa chama katika kijiji hupimwa kwa namba anayoipeleka mjini. Desturi ile haikufa pamoja na Mobutu. Ilibaki imelala ndani ya utawala wa vijijini, na hapa ndipo mtu anayetaka kuielewa Malemba-Nkulu ya mwaka 2011 anapaswa kutazama.

Uchaguzi wa mwaka 2006 ulikuja kama pumzi mpya. Duru ya kwanza, tarehe 30 Julai, ilikuwa na wagombea urais 33, na karatasi ya kura ilijaa picha zao. Asilimia 70.54 ya watu zaidi ya milioni 25 walioandikishwa walifika vituoni. Kabila alipata asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba 20.03, na mzee Antoine Gizenga 13.06. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, Kabila na Bemba walikutana tena tarehe 29 Oktoba. Kabila akapata kura 9,436,779, sawa na asilimia 58.05, na Bemba kura 6,819,822. Tume ya wakati ule iliongozwa na padri Apollinaire Malu Malu, na ingawa kulikuwa na mapigano mjini Kinshasa mwezi Agosti na jengo la Mahakama Kuu lilichomwa moto mwezi Novemba, hakuna hesabu nyingine yenye uzito iliyotokea kuupinga ushindi ule.

Hesabu ya majimbo ya duru ile ya pili inastahili kutazamwa polepole, kwa sababu inagusa moja kwa moja swali la kura ya taifa na kura ya jimbo. Nchi ilikuwa na majimbo 11. Kabila aliongoza katika matano: Katanga, Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Maniema na Orientale. Bemba aliongoza katika sita: Équateur, Kinshasa, Bas-Congo, Bandundu na Kasai zote mbili. Kwa hiyo, kama urais ungetolewa kwa aliyeshinda majimbo mengi, Bemba ndiye angeapishwa, huku mpinzani wake akiwa na kura zaidi ya milioni mbili na nusu kumzidi. Mashariki inayosema Kiswahili ilikuwa imempigia Kabila kwa wingi wa kutisha, na katika Katanga zaidi ya kura tisa kati ya kila kumi zilikuwa zake. Magharibi ya Lingala na Kikongo ikafanya hivyohivyo kwa Bemba, hasa Équateur alikotoka. Kasai zilikuwa na habari yake: Étienne Tshisekedi alikuwa ameususia uchaguzi, watu wengi wa huko walikaa nyumbani, na waliokwenda walimwelekea Bemba.

Wanaotaka majimbo yapewe uzito katika kura ya rais huishika ramani hii. Wanasema: tazameni, nchi iligawanyika katikati, na upande mmoja ukautawala mwingine kwa sababu tu ulikuwa na watu wengi waliojitokeza; kama rais angelazimika kushinda hata sehemu fulani ya kura katika kila pembe ya nchi, angelazimika kuzungumza na kila pembe. Hoja hii si ya kupuuzwa. Kenya iliipokea, Nigeria pia inadai robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo yake. Lakini uzito wa jimbo unategemea mipaka ya jimbo, na mipaka katika Kongo huchorwa na wanasiasa. Mwaka 2015 majimbo 11 yaligawanywa kuwa 26. Katanga peke yake ilizaa manne, yaani Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami, na Kamina ikawa mji mkuu wa jimbo. Équateur ilizaa matano. Tukichukua kura zilezile za 2006, na tukikadiria kwamba kila jimbo jipya lingefuata upande wa jimbo lililolizaa, majimbo ya Bemba yangekuwa 15 na ya Kabila 11. Bila mtu yeyote kubadili mawazo yake, pengo la jimbo moja lingekuwa la majimbo manne. Mwenye kalamu ya kuchora mipaka angekuwa na nguvu kuliko mamilioni ya wapiga kura. Mpiga kura wa Kamina asingeongezewa haki kwa kupewa jimbo lenye uzito. Angewekewa mtu mwingine katikati yake na sanduku.

Kwa hiyo nasimama na kura moja ya taifa. Lakini fungu kubwa namna hiyo lina udhaifu wake. Mahali ambapo kila jimbo linahesabiwa peke yake, udanganyifu wa jimbo moja hauvuki mpaka wa jimbo hilo. Pale ambapo kura zote zinamwagwa pamoja, kura za uongo za kijiji kimoja hufuta kura za kweli za mtaa wa mbali. Kura elfu kumi zilizoongezwa kwenye karatasi kando ya mto zinaweza kuwanyamazisha watu elfu kumi wa Mbuji-Mayi au Kinshasa ambao walisimama juani tangu asubuhi. Ndiyo maana mfumo wa fungu moja unahitaji uwazi wa kituo kwa kituo kuliko mfumo mwingine wowote.

Na namba ya kituo huzaliwa mbele ya watu. Jioni milango inafungwa, sanduku linafunguliwa mbele ya mashahidi wa wagombea na waangalizi, na karatasi zinakunjuliwa moja baada ya nyingine. Kila moja inainuliwa ionekane, jina linatamkwa kwa sauti, na mstari unachorwa kwenye karatasi ya hesabu. Mara nyingi kazi hiyo huendelea usiku kwenye mwanga wa taa, watu wakiwa wamechoka na njaa. Mwishoni hati inaandikwa na kutiwa sahihi, mashahidi wana haki ya nakala, na karatasi ya matokeo hubandikwa kituoni ili wakazi waisome. Kisha bahasha inaanza safari yake kwenda kituo cha kukusanya matokeo. Katika nchi ya Upemba, yenye maziwa, vinamasi na Mto Lualaba, safari hiyo ni ya mtumbwi, baiskeli au pikipiki, na msimu wa mvua unakuwa umeshaanza. Hadi hapo kura ni mali ya umma, kila mtu ameiona. Hatari inaanza pale bahasha inapoondoka machoni.

Mwaka 2011 jambo la ajabu lilijitokeza katika safari hizo. Kituo cha Carter cha Marekani, kilichokuwa na waangalizi nchini, kiliyachunguza matokeo ya vituo ambayo CENI yenyewe iliyaweka kwenye tovuti yake. Kikakuta kwamba Kinshasa, mji mkuu na ngome ya Tshisekedi, ilikuwa imepoteza karatasi za matokeo za vituo karibu 2,000, zenye wapiga kura wapatao 350,000. Malemba-Nkulu, kwa upande wake, ilikuwa imekusanya kila bahasha bila kukosa hata moja, na ndani ya bahasha hizo karibu kila mtu aliyeandikishwa alikuwa amepiga kura na kila kura ilikuwa ya Kabila. Katika sehemu nyingine za Katanga pia namba za namna hiyo zilionekana. Mji wenye barabara za lami na simu kila kona ulipoteza karatasi zake, na nchi ya vinamasi ikazileta zote. Uchunguzi huo ulihitimisha kwamba matokeo yale hayastahili kuaminika. Kardinali Laurent Monsengwo, askofu mkuu wa Kinshasa, alisema hadharani kwamba hayakulingana na ukweli wala haki.

Watetezi wa namba zile walikuwa na jibu, na ni jibu ambalo mtu wa Haut-Lomami analisikia kwa moyo. Walisema: Kabila ni mtoto wa nyumbani. Baba yake, Laurent-Désiré Kabila, alitoka kwa Waluba wa kaskazini mwa Katanga na ujana wake wa kisiasa aliupitia katika BALUBAKAT. Mwaka 2006 Katanga ilimpa mwana zaidi ya tisa kati ya kumi. Kwa nini basi isimpe mia moja mwaka 2011? Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ni kweli, na yeyote anayewadharau wapiga kura wa kaskazini kwa kumpenda Kabila hawatendei haki. Lakini mapenzi hayawezi kueleza asilimia 99.46 ya mahudhurio. Daftari la wapiga kura lina majina ya watu waliokufa tangu waandikishwe. Lina wavuvi wa maziwa ya Upemba na Kisale wanaohama kambi kufuata samaki, vijana waliokwenda Kolwezi kutafuta madini, wanawake waliojifungua wiki ile, wafanyabiashara waliopanda treni ya Kamina kwenda Lubumbashi na bado hawajarudi. Nchi nzima mwaka ule ilitoa asilimia 58.81 ya mahudhurio. Na kipimo kizuri zaidi kilikuwa kwa mpinzani mwenyewe: katika sehemu ambako Tshisekedi alipata karibu kura zote, mahudhurio hayakufikia kilele hicho, na bahasha hazikutimia zote kwa ukamilifu ule. Watu wanaweza kumpenda mtu mmoja wote kwa pamoja, lakini hawawezi wote kwa pamoja kuwa wazima, kuwapo nyumbani na kuwa hai.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Tofauti ya Kabila na Tshisekedi ilikuwa kura 3,016,169. Hata ukiiondoa Malemba-Nkulu yote, wanasema, Kabila bado yuko mbele. Kituo cha Carter chenyewe hakikudai kwamba mpangilio wa wagombea ungekuwa mwingine. Kwa hiyo kelele zote za nini? Jibu langu linaanzia na jambo lililotokea mwezi Januari mwaka huohuo wa 2011, miezi kumi kabla ya kura. Katiba ilirekebishwa na duru ya pili ikaondolewa, ili mgombea mwenye kura nyingi kuliko wengine ashinde hata kama hakufika nusu. Kabila alitangazwa na asilimia 48.95, yaani chini kidogo ya nusu, kiwango ambacho kwa kanuni ya mwaka 2006 kingempeleka kwenye duru ya pili. Katika mfumo ambao hauna tena duru ya pili ya kusahihisha, kila kura ya duru ya kwanza inabeba mzigo mkubwa zaidi, na haki ya kuiona inapaswa kukua vilevile. Tena kuna hasara isiyopimwa kwa kuuliza nani alikuwa wa kwanza. Mkulima wa Kabongo au mama wa Kamina aliyempigia Kabila kwa hiari yake, kwa sababu zake mwenyewe, aliikuta kura yake ya kweli imezikwa chini ya namba isiyosadikika. Tangu hapo ukiitaja kura ya Haut-Lomami mbele ya watu wa Kinshasa au Kananga, watakutajia mia kwa mia. Waliotia chumvi walidhani wanaliheshimu jimbo, kumbe waliwanyang'anya watu wake ushahidi wao.

Hata hivyo, tazama ni kitu gani kilichotuwezesha kuijua habari hii. CENI ya mwaka 2011, pamoja na makosa yake yote, ilitoa matokeo ya kila kituo. Uongo ulionekana kwa sababu ulichapishwa. Mwaka 2018 nafasi hiyo ilikosekana. Kura ilipigwa tarehe 30 Desemba, kwa mashini zilizoletwa na tume ya Corneille Nangaa. Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, alitangaziwa kura 7,051,013, Martin Fayulu 6,366,732, na Emmanuel Ramazani Shadary, aliyekuwa chaguo la Kabila, 4,357,359. Tofauti ya wawili wa kwanza ilikuwa kura 684,281, wakati katika Beni, Butembo na Yumbi wapiga kura zaidi ya milioni moja walikuwa wamesukumwa hadi Machi 2019, rais akiwa ameshaapishwa. Kanisa Katoliki, kupitia baraza lake la maaskofu, CENCO, lilikuwa na waangalizi wapatao 40,000, na maaskofu wakasema namba za tume hazilingani na zile walizokusanya wao. Takwimu zilizovuja na kuchapishwa katika magazeti ya ng'ambo zilimpa Fayulu karibu asilimia 60. Tume ingeweza kuzima ubishi wote kwa kuweka hadharani karatasi za vituo. Haikufanya hivyo, na Mahakama ya Katiba ikamthibitisha Tshisekedi bila kuamuru kura zihesabiwe upya. Tangu siku ile kila Mkongomani ana imani yake kuhusu nani alishinda, na hakuna anayeweza kumwonyesha mwenzake karatasi.

Wengine hupinga uwazi huu kwa hofu ya kweli, na hofu hiyo naiheshimu. Wanasema: ukichapisha matokeo ya kila kituo, mkubwa wa Kinshasa atajua kijiji gani kilimkataa, na kijiji hicho kitanyimwa barabara, shule, hata usalama. Katika Kongo ya makundi yenye silaha, hilo si jambo la kubuni. Lakini karatasi tayari hubandikwa kituoni, na viongozi wa vyama, machifu na maofisa wa usalama wa eneo huisoma usiku uleule. Wanaoweza kulipiza kisasi wanajua tayari. Anayefichwa ni raia wa mbali, mwandishi wa habari, mwanasheria wa mgombea, yule ambaye angeweza kukitetea kijiji kwa kusema kwamba namba yao ilibadilishwa njiani. Wengine husema nchi yetu ni kubwa mno na haina umeme wala mtandao wa kutosha kwa kazi hiyo. Lakini ilifanyika mwaka 2011, tukiwa na vifaa duni kuliko leo. Na Kenya mwaka 2022 iliweka kwenye tovuti fomu za vituo zaidi ya 46,000. William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga, tofauti ndogo ambayo ingeweza kuichoma nchi, lakini kila raia mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe, na kesi ikaamuliwa mahakamani.

Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 ulikuwa na mshindi wa mbali. Félix Tshisekedi alipewa zaidi ya asilimia 73, Moïse Katumbi alifuata kwa takriban 18, na waangalizi wa CENCO na wa makanisa ya Kiprotestanti waliona kwamba aliongoza kwa mbali kweli. Lakini tume iliyoongozwa na Denis Kadima ililazimika kufuta kabisa uchaguzi wa wabunge katika Masimanimba na Yakoma na kufuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na vurugu. Wapiga kura walewale, siku ileile, katika vituo vilevile, walimchagua rais pia. Mtu anaruhusiwa kuuliza kwa nini kura za wabunge zilionekana chafu na zile za rais zikapita. Jibu la kutosheleza lingepatikana katika karatasi za kila kituo. Wakati huohuo mahudhurio yameshuka uchaguzi baada ya uchaguzi: zaidi ya asilimia 70 mwaka 2006, 58 mwaka 2011, 47 mwaka 2018, na takriban 43 mwaka 2023. Vita, umbali na umaskini vimechangia, lakini naamini sababu mojawapo ni kwamba watu wamechoka kuitoa kura yao mkononi wasijue imefika wapi.

Uchaguzi ujao wa rais unatarajiwa Desemba 2028. Bunge lina muda wa kuandika katika sheria, kwa maneno yasiyo na mlango wa kutokea, kwamba hakuna jumla ya taifa itakayotangazwa kabla picha za karatasi za vituo vyote hazijawekwa mahali ambapo kila raia anaweza kuzisoma na kuzijumlisha, na kwamba kituo ambacho karatasi yake haionekani kitajwe kwa jina na sababu itolewe. Wabunge wa Haut-Lomami wangepaswa kuwa wa kwanza kuliomba hilo, kwa kuwa jimbo lao ndilo lililobebeshwa jina la mia kwa mia. Na kwako msomaji wa Kamina, wa Bukama au wa Malemba-Nkulu: usiku wa kuhesabu, usirudi nyumbani mapema. Subiri karatasi ibandikwe, nakili namba zake zote, za mshindi na za walioshindwa na idadi ya waliohudhuria, andika jina la kituo, na uihifadhi nakala hiyo mpaka tume itakapotoa ya kwake.